Nimemwambia Mkwe Wangu Anawe Mikono, kwa Kifini

Mpendwa Mama Salha mshauri wa redio, naomba msaada wako, lakini kwanza kamwene, maana kwetu Ubena mtu hatui mzigo wa shida mlangoni kwa mwenzake kabla ya salamu, na hiyo kamwene umpe na mumeo kama unaye na wote mnaokaa humo redioni, maana nawasikia kila asubuhi nikimenya viazi na huwa najiuliza kama mnapewa hata chai. Mimi naitwa Esteria, mjane, nakaa kijijini huku juu ya Njombe mjini, kwenye baridi yenyewe. Shule sikuipata, wenzangu walipokwenda shule mimi nilikuwa na mtoto wa mama yangu mgongoni, kwa hiyo anayeniandikia ni Jackline mwenye steshenari karibu na soko la Njombe, anapiga mashine ninavyosema, na nimemwambia asipunguze neno hata moja. Sasa anacheka. Andika na hilo, Jackline, kwamba unacheka.

Shida yangu ni mkwe. Siyo ulevi, siyo kupiga, usije ukaanza kunionea huruma ya bure, mkwe ni mtu mzuri kabisa. Shida ni kwamba nimejifunza Kifini, lugha ya kwao, nina furaha mpaka naona haya kwa umri wangu huu, na hicho Kifini kimenitoka mdomoni mbele ya ukoo na sasa sijui nimeharibu au vipi.

Nianzie mbali kidogo. Mtoto wangu wa mwisho anaitwa Lightness, ni nesi, alianzia hospitali ya Ikonda kule Makete, mtoto mpole, mgonjwa akishikwa na yeye analala mwenyewe bila dawa, halafu akapata nafasi ya kwenda Ufini, nchi ya baridi huko juu kabisa, kazi ya kutunza wazee. Nikamwambia wazee si tupo huku, mimi ni mmojawapo, akacheka akaenda. Akapata mwanaume wa hukohuko, posa ikasemwa na mchungaji wa usharika wetu kwa niaba yao, ndugu wakakubali, na mwezi wa saba wanakuja wote wawili ndoa ibarikiwe hapa kwetu. Mwezi wa saba Njombe unaujua, majani asubuhi yanakuwa meupe, lakini Lightness anasema huyo mtu baridi yetu ataivulia shati. Jina lake silitaji. Mama mkwe hamtaji mkwe jina, ndivyo tulivyolelewa, hata ukiniuliza redioni sitasema.

Wewe Mama Salha kwa sauti nakuona kama mtu wa Makambako, na Makambako kuna watu wa kila kona ya nchi, kwa hiyo nikueleze mila isikupite. Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na hawasemeshani hovyo mpaka mkwe alete kitu cha kufungua mdomo, ukoo wetu sisi ni blanketi. Siyo chuki, ni heshima. Mama yangu mzazi alikuwa hamsemeshi mume wangu, marehemu Nathanieli, lakini alikuwa anasema na kuku. Nathanieli akifika kwa mama amelowa mvua, mama anamgeukia kuku, wewe kuku unalowa bure na ndani kuna moto, basi Nathanieli anaingia. Ugali ukiiva, wewe kuku, chakula kinapoa, Nathanieli anakula. Siku moja kuku mwenyewe akaingia kweli akapanda kwenye ungo akaanza kula, na Nathanieli anaona haya kumfukuza, maana kuku kaitwa na mwenye nyumba, wakala wote. Mpaka anakufa alikuwa anasema mimi na yule kuku tulioa siku moja. Lakini hayo ya zamani, nayaacha.

Sasa huyu mkwe wa Ufini. Tukipigiwa ile simu ya picha, Lightness anakaa mbele na yeye anasimama nyuma, pembeni, mbali, kama mtu anayengoja zamu yake bombani, anatazama chini, anasema neno moja la kwao, anaondoka. Wifi yangu Dainess, dada wa marehemu, shangazi yake Lightness, huyo ndiye mwenye sauti kwenye ukoo wetu, akikohoa watu wanakaa sawa, yeye alivyomwona akasema haya sasa, mkwe ndio huyu, maana wakwe wa siku hizi wa hapahapa Njombe wanawakumbatia mama wakwe zao kama wamefunga goli, lakini huyu mtoto wa kizungu anasimama mbali, katulia, hana maneno, huyu kalelewa. Ukoo wote tukajua Lightness kamfundisha mila zetu. Nikampigia kumsifu, akaniambia mama sijamfundisha kitu, hawa ndivyo walivyo, hata wakingoja basi barabarani kila mtu anasimama peke yake, katikati yao ng'ombe wawili wanapita. Nikasema basi hao ni Wabena waliopotea njia.

Kifini nilikipata wapi sasa. Mimi napeleka parachichi na viazi Makambako siku za mnada, na pale jirani na ninapokaa kuna mama anaitwa Sikudhani, Mwislamu, mwenyeji wa Kondoa, anauza mitumba ya watoto, mcheshi lakini mdomo wake ni wembe. Siku hiyo mteja kamchambulia rundo lote, kavuruga, kaondoka hakununua hata soksi, na Sikudhani akamtupia maneno mgongoni ambayo siyo Kiswahili, siyo Kirangi cha kwao, siyo Kiarabu. Nikamuuliza hiyo ni lugha gani. Akasema Kifini. Nakwambia parachichi zilinianguka. Kumbe ujana wake alikuwa yaya kwa Wafini waliokuja na misheni, aliwalea watoto wao mpaka familia ikarudi kwao, na hao watoto ndio waliomwachia lugha. Nikamwambia Sikudhani, Mungu wako na Mungu wangu wamekaa kikao, nifundishe.

Akaanza palepale kwenye mitumba. Anainua kiatu cha mtoto, kengat, viatu, kengat pois, vua viatu. Ananinyooshea kidole, istu, kaa chini. Tule tanne, njoo hapa, na tule ya kwao siyo ya chakula, ya chakula ni suo, yaani kula, lakini ukiisema hivi ninavyoisema Sikudhani anakupiga na gauni, lazima midomo uichongoe kama unapuliza moto wa kuni mbichi. Pese kadet, nawa mikono. Kuuma, cha moto. Huva poika, kijana mzuri, na hiyo pia unachongoa. Tumekaa pale mama wawili watu wazima tunachongoana midomo, wateja wanapita wanafikiri tunasutana. Mudy muuza vitunguu wa upande wa pili akatuuliza mnabusiana kwa mbali, Sikudhani akamwambia istu, na Mudy akakaa kweli. Yaani nilifurahi. Nikasema hii lugha inafanya kazi.

Mama Salha, mimi nilijua kichwa changu kimeshajaa, Kibena kimo, Kiswahili cha sokoni kimo, magonjwa ya mbuzi yamo, kumbe nyuma kulikuwa na chumba kizima kitupu kinangoja mpangaji. Kuku wangu sasa wote wanajua Kifini. Nikisimama uwanjani nikasema tule tanne wanakuja mbio, wa jirani wanabaki wameduwaa. Mbuzi nikimpa majani, suo. Sufuria ikichemka, kuuma, naiambia yenyewe kama haijijui. Kanisani mchungaji akisema tukae, mimi moyoni nasema istu. Nilikuwa natembea barabarani peke yangu nacheka.

Wifi Dainess alivyosikia akanijia na swali. Akasema, wewe mila haikuruhusu kumsemesha mkwe, hicho Kifini unajifunza cha nini? Nikamwambia angalau nisikie anasema nini juu ya chakula changu. Akasema Lightness si atakutafsiria. Ni kweli atanitafsiria, lakini Lightness akienda kuoga je, akienda kusalimia mjini je, yule mtu atakaa uwanjani kwangu kama mgonjwa anayesemewa na ndugu zake, na mimi nitampita na ndoo kama nampita nguzo. Mtu kaacha kwao, kaja kwangu, kamchukua mwanangu wa mwisho, halafu asisikie hata neno moja linalotoka kwangu. Mimi sitaki hivyo. Ndilo lililo moyoni mwangu, Jackline liandike vizuri hilo.

Basi Jumapili moja tumetoka ibada, tumekaa kwangu na ndugu, wifi Dainess ndiye kashika simu, ikaita, ya picha. Lightness huyo. Na mkwe nyuma yake. Lakini siku hiyo mkwe hakutazama chini. Alisogea mpaka karibu na kioo, akameza mate tukaona yanavyoshuka, akasema, "Kamwene."

Mama Salha, kamwene imetoka Ufini, imepita juu ya bahari na majangwa sijui, imefika nyumbani kwangu haijavunjika. Ndugu wote kimya. Na mimi sijui nini kilinishika, nikamnyang'anya wifi simu, nikaisogeza usoni mpaka huko walichoona ni pua tu, nikamwaga vyote nilivyonavyo. Tule tanne, istu, kengat pois, pese kadet, suo suo, huva poika. Vyote kwa mpigo, kama maharage gunia limepasuka. Tena kwa sauti, maana Ufini ni mbali.

Mkwe akawa mwekundu kama nyanya, akaziba mdomo, akatoka kwenye kioo. Lightness kashika kichwa, sijui analia sijui anacheka, halafu bando likakata. Wifi Dainess akachukua simu yake mikononi mwangu, akaifuta na kitenge, akaniambia polepole, na ule upole ndio ulionichoma, "Esteria, umemvua viatu mkwe wa ukoo."

Kesho yake Lightness akatuma ujumbe wa sauti, mama nani kakufundisha, hayo anaambiwa mtoto wa chekechea. Ndio najua sasa. Nilikwenda Makambako kumkabili Sikudhani, akacheka mpaka akakalia mitumba yake mwenyewe, akasema, "Bibi we, nimekupa nilichonacho, Mfini mtu mzima mimi nilikuwa namwambia chakula tayari, basi." Kwa hiyo nimemwamrisha mkwe, mwanaume mwenye ndevu, avue viatu anawe mikono, nikamalizia na kijana mzuri. Na kabla ya blanketi. Na mbele ya wifi.

Tangu siku hiyo kwenye simu ya picha haonekani. Lightness anasema yupo, mzima, ila amekaa kimya kuliko kimya chake cha siku zote, na akimuuliza anasema anawaza. Halafu kaniambia na jambo la ajabu, kwamba siku hizi kabla ya kula mumewe anakwenda bombani ananawa, anasema mama kasema. Sasa ananicheka au ananitii, mimi nitajuaje, sauti yake yenyewe nimeisikia neno moja.

Wifi Dainess kaamua. Darasa la Sikudhani nisilikanyage tena, na siku ya wageni nikae jikoni nisitoke, yeye ndiye atapokea mlangoni, yeye ndiye atasema, mimi nibaki na masufuria mpaka blanketi, na hata baada ya blanketi nikae kimya maana mdomo wangu haukufunguliwa, ulipasuka. Ndugu wamekubali. Na mimi nimesema ndiyo, lakini Mama Salha, siku ya mnada ikifika miguu inaniwasha, na nikiwaona kuku uwanjani nameza maneno mpaka kifua kinajaa. Mwezi wa saba uko hapo tu. Niambie, niache Kifini nimlinde mwanangu na aibu, au niendelee. Na mkwe wangu nimemuumiza au sijamuumiza. Niambie kwa ukali kama ni ukali, mimi ni mtu mzima nitameza.

Jackline anasema karatasi imekwisha. Haijaisha, anataka kufunga duka.

Ni mimi, Esteria, mama yake Lightness.

MAMA SALHA ANAJIBU

Shikamoo, Bibi Esteria. Na kamwene yako imefika, nakurudishia: kamwene. Umeona nilichofanya hapo? Kabla ya lolote nimerudisha salamu. Liweke akilini, nitakurudia. Chai tunapewa, asante, sukari ndiyo tunanunua wenyewe.

Umepatia, mimi ni mtu wa Makambako. Baba yangu alikuja na lori kutoka Tanga, akapapenda, akabaki, na mimi nimezaliwa hapa, nimekua Kibena kikipita sikioni kila siku, na mpaka leo ninachokijua ni salamu tu. Kisha inakuja barua ya bibi ambaye hakukaa darasani anachongoa midomo kwenye mitumba ili mgeni wa mwezi wa saba asikae uwanjani kwake kama nguzo. Umenitia aibu, na nakupongeza. Hayo tumeyamaliza, sasa kaa nikugombeze.

Bibi, unalia mahali ambapo hukuanguka. Unaona kosa lako ni kumwambia mtu mzima anawe mikono. Hilo ni la kuchekesha, litasimuliwa kwenye harusi hiyo mpaka na wajukuu, hakuna aliyekufa. Kosa lako liko mstari mmoja juu yake na umelipita mbio. Mkwe wako alisogea, akameza mate, akasema Kamwene. Nani alimjibu?

Nimeirudia barua yako natafuta jibu la ile salamu. Nimeona viatu, nimeona mikono, nimeona maharage na gunia. Jibu halimo. Wewe Mbena, uliyeniambia mtu hatui shida yake mlangoni kabla ya salamu, umesalimiwa kwa lugha ya mama yako ukaiacha salamu ya mtu inaning'inia hewani.

Sasa mfikirie yeye. Mtu wa kusimama ng'ombe wawili wapite hasemi neno kwa bahati mbaya. Hiyo Kamwene ameifanyia mazoezi, pengine na yeye ana kuku wake huko. Akaitoa mbele ya ukoo mzima, akapata kimya cha ndugu na pua ya mama mkwe inayomwambia avue viatu. Unataka kujua anawaza nini? Anawaza alikosea kuitamka. Wewe umekaa Njombe unaona haya kwa Kifini chako, yeye amekaa Ufini anaona haya kwa Kibena chake, na kila mmoja anadhani ni yeye aliyeharibu.

La kunawa mikono lisikusumbue. Anayekucheka anakwenda kukusimulia kazini kwake. Anayekwenda bombani peke yake, nyumbani kwake, hakuna anayemwona isipokuwa mkewe, huyo kakusikia na kakubali kwamba wewe ni mama.

Wifi Dainess, najua redio iko karibu na wewe unasikiliza, shikamoo na wewe. Mila umeisimamia vizuri na sikupingi. Lakini nikuulize. Mwenye kuzuiwa kumsemesha mkwe ni mama mkwe. Shangazi hakuzuiwa. Simu ilikuwa mkononi mwako, salamu imefika, mdomo wako hauna kufuli, mbona hukurudisha? Kwa hiyo aibu ya siku ile mnagawana, na fungu lako, mama, ni kubwa kidogo.

Sasa sikilizeni la kufanya, na sitaki mjadala wa ukoo juu yake.

Leo hii, siyo Jumapili, wifi Dainess achukue simu yake atume ujumbe wa sauti Ufini, amjibu mkwe Kamwene yake, amwambie imefika na imesikika vizuri. Aseme yeye. Wewe Bibi kaa nyuma yake ukohoe, atajua upo.

Siku ya mnada urudi kwa Sikudhani. Mwombe neno la asante. Analo, hakuna yaya duniani asiyemfundisha mtoto kushukuru. Akupe na neno la karibu. Mmwambie na Mudy akae mbali, mtasoma vizuri zaidi.

Siku ya wageni, mlangoni apokee wifi. Ni haki yake, mpe. Wewe kaa jikoni kama ulivyoambiwa, usibishe. Lakini jiko lako lina mlango, mlango unatazama uwanja, na uwanjani kuna kuku, tena kuku waliosoma. Umenisimulia mama yako akimkaribisha Nathanieli kwa mvua na kwa ugali, halafu ukasema hayo ya zamani unayaacha. Unayaachia nani? Mkwe akiwa amesimama uwanjani hajui aelekee wapi, geuza uso, mwambie kuku, tule tanne. Akisita mbele ya kiti, kuku aambiwe istu. Sahani ikifika, suo, na uchongoe midomo yako yote. Supu ikitoka motoni, kuuma. Nani atasema umemsemesha mkwe? Na Mfini gani hataelewa? Maneno uliyofundishwa hayamfai mwanaume mwenye ndevu, hilo kweli, lakini kwa kuku hakuna neno linalozidi. Sikudhani alikupa Kifini kilekile ambacho mila yako inakihitaji, na wewe ukaenda kukimwaga kwenye simu. Mikono tu usimkumbushe tena. Ameshanawa.

Blanketi, Lightness amwambie mapema ni la nini, asije akaleta saa ya ukutani. Likishafika mikononi mwako, mdomo umefunguliwa kwa haki, mbele ya wifi na mbele ya ukoo. Hapo waache kuku, mgeukie yeye, umpe hilo neno la asante kwa sauti ya kawaida, maana Ufini haitakuwa mbali tena. Kisha unyamaze, Bibi. Najua ni vigumu. Unyamaze mpaka na yeye aseme, hata kama viazi vitaiva viungue, kwa sababu watu wa namna yake wanachelewa kuanza lakini wakiachiwa nafasi wanafika.

Na akitangulia yeye, akashuka tu kwenye gari akasema Kamwene huku blanketi bado limo begini, usikimbilie jikoni na usimkimbilie yeye. Mtazame kuku, mwambie kuku kamwene. Lakini salamu ya mtu irudi.